Kuezua kabla ya kuezeka: malata ya zamani na kauli ya kutendua

Wengi wetu katika kitivo hiki tulifundishwa kauli ya kutendua kwa mfano mmoja: funga, fungua. Mwalimu anauliza nani ataongeza mwingine, mtu wa nyuma anasema ziba, zibua, na somo linaendelea. Mimi pia nililijua somo hilo hivyo, hadi mwezi wa tisa mwaka jana nilipolazimika kulishusha paa la jiko letu na kulirudisha juu kwa malata yaleyale. Makala haya yanaeleza mambo mawili kwa pamoja, kwa kuwa mimi mwenyewe niliyapata kwa pamoja: namna mtu asiye fundi anavyoweza kujifunza kuezeka kwa vitu vya zamani, na namna kipande kidogo cha sarufi kilivyo ndani ya kazi hiyo tangu msumari wa kwanza.

Jiko letu, huko Katuba, ni chumba cha matofali kilicho peke yake nyuma ya nyumba. Paa lake lina mteremko mmoja na malata nane: manne safu ya juu, manne safu ya chini. (Kwa msomaji wa mbali: malata ndiyo mabati, na mbabula, itakayokuja baadaye, ni jiko la makala.) Msimu wa mvua uliopita mama alipika akiihamisha mbabula kutoka kona hadi kona, akifuata mahali pakavu. Pesa za malata mapya hazikuwepo. Kilichokuwepo ni mwezi mmoja hivi kabla ya mvua, na mzee mmoja jirani yetu aliyefanya kazi ya mbao na bati maisha yake yote. Alikubali kuniongoza kwa sharti moja: yeye akae chini ya mwembe, mimi nipande. Magoti yake hayamruhusu ngazi tena.

Sharti hilo ndilo lililonipa makala haya. Fundi akisimama karibu na mwanafunzi wake, hasemi sana. Anashika mkono, anasema “hivi,” “hapa,” “siyo hivyo,” na lugha inabaki na kazi ndogo sana. Mzee huyu hakuweza kunishika mkono. Kila alichotaka nifanye kilibidi kipite hewani, kutoka kivuli cha mwembe hadi juu ya ukuta, na kilipita kwa maneno.

Niseme pia kwamba wakati huo nilikuwa na hojaji yangu mfukoni. Nilikuwa nakusanya msamiati wa mafundi kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, na nilikuwa nimezunguka karakana kadhaa nikionyesha vyombo na kuuliza, “Hiki kinaitwaje?” Nilipata majina arobaini na kitu: marto, pinsi, turnevisi, simenti, gudroni, na kadhalika. Karibu yote yalikuwa Kifaransa kilichovaa sauti zetu. Nilikuwa nimekwisha kuandika sentensi ya hitimisho, kwamba msamiati wa ufundi mjini Lubumbashi ni wa kukopa. Hojaji haikuwa na kosa la hesabu. Ilikuwa imeuliza majina tu, na jina la chombo husafiri pamoja na chombo. Nani angeleta turnevisi akaacha jina lake Ulaya? Vitendo ni habari nyingine. Watu walikuwa wakifunga, wakikunja, wakitoboa na kung'oa kabla ya lata la kwanza kufika Katanga.

Tuanze na kazi. Jambo la kwanza ambalo mtu hujifunza anapotumia vitu vya zamani ni kwamba kazi haianzi kwa kujenga. Inaanza kwa kushusha. Kiswahili kina kitenzi chake kwa hilo: kuezeka ni kuweka paa, kuezua ni kuliondoa. Na kuezua kuna mpangilio wake, ambao ni mpangilio wa kuezeka uliogeuzwa. Safu ya juu hulalia safu ya chini, ili maji yateremke bila kuingia kwenye maungio. Kwa hiyo safu ya juu iliwekwa mwisho na inatoka kwanza. Ndani ya safu moja, kila lata limelalia jirani yake; lile ambalo halijalaliwa na jingine ndilo linaloanza. Mzee aliniambia niandike namba kwa kaa la moto lililozimika kwenye kila lata nililoshusha. Nilidhani ni ili nijue pa kulirudisha. Ilikuwa hivyo, lakini kulikuwa na zaidi: aliyeezua kwa mpangilio amekwisha kuonyeshwa namna ya kuezeka. Kila nilipoinua lata niliona yule fundi wa kwanza alifikiri nini. Chini ya vichwa vya misumari alikuwa ameweka vifuniko vya chupa za bia vilivyopondwa, viwe kama sahani za kuzuia maji. Mahali vifuniko vilipomwishia aliweka vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli.

Na niliona kitu kingine. Malata matatu yalikuwa na mistari miwili ya matundu. Mstari mmoja ulilingana na boriti zetu. Wa pili haukulingana na chochote. Malata hayo yalikuwa yamekaa juu ya nyumba nyingine kabla ya jiko letu. Aliyetuezekea naye alikuwa ametumia vya zamani, na hakumwambia mtu.

Misumari ndiyo iliyonifunza adabu. Siku ya kwanza niliishika kwa marto moja kwa moja na kuvuta. Marto ikalalia mgongo wa lata, mgongo ukabonyea, na mahali palipobonyea patakusanya maji. Kutoka chini ya mwembe: “Mwana, weka kibao chini. Ng'ola pole pole.” Kipande cha ubao kinafanya kazi mbili: kinagawa uzito ili lata lisibonyee, na kinainua kiegemeo ili msumari utoke wima bila kupinda zaidi. Nilipotaka kuitupa iliyopinda, nilikatazwa tena. Msumari uliopinda unalazwa juu ya jiwe, nundu ikitazama juu, unapigwa kidogo, unazungushwa, unapigwa tena. Mgeni wa kazi hii hupiga kwa nguvu akaupindisha upande wa pili. Nilitoa misumari sitini hivi, na arobaini ilinyooka ikarudi kazini. Ishirini ya kwanza niliiharibu mimi.

Sasa vitenzi. Jioni ya siku ile nilikaa na daftari nikaandika yote niliyoambiwa: kuezua, kung'oa, kukunjua, kuchomoa, kubandua, kutoboa, kupasua, kuzibua, kupangua. Karibu kila kimoja kina mnyambuliko uleule mwishoni, -u- au -o-, ambao katika lugha nyingine za Kibantu huonekana wazi kama -ul- au -ol-. Kibemba, ambacho wengi wetu tunakisikia nyumbani au kwa jirani, kinasema ukwisala kwa kufunga mlango na ukwisula kwa kuufungua, ukukaka kwa kufunga kamba na ukukakula kwa kuifungua. Kanuni ya irabu ni fupi na ina kijitabia kinachostahili kutazamwa. Mnyambuliko unakuwa -o- pale tu irabu ya mzizi ni o: choma, chomoa, bomoa, toboa. Irabu e haitoshi kuuvuta: tega hutoa tegua wala si *tegoa, na ezeka hutoa ezua. Linganisha na kauli ya kutendea, ambamo e na o zote mbili huvuta: tegea, chomea. Anayetaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba ulinganifu wa irabu si pacha pande zote, mfano uko juu ya paa.

Tazama pia kilichotokea kwa ezeka. Kuna -ek- pale, ileile -ik- ya anika, funika na bandika, ambayo huashiria kuweka kitu mahali. Kauli ya kutendua haijiongezi nyuma yake, inaiondoa na kukaa mahali pake: anika, anua, funika, funua, bandika, bandua, chomeka, chomoa, ezeka, ezua. Yaani kuweka na kuondoa vinagombea kiti kimoja. Darasani nilikuwa nimeambiwa kwamba mnyambuliko huongezwa. Hapa unapokezana.

Lakini somo kubwa halikutoka kwenye jozi hizi. Lilitoka kwenye matundu.

Lata la zamani lina matundu, na mtu asiyejua huyaona yote sawa. Nilikuwa na gudroni kidogo na vitambaa, nikaanza kuziba tundu baada ya tundu. Mzee aliomba niyashushe malata yote, akayainua moja moja kuelekea jua, akayatenga kwa maneno mawili: “Hii ilitoboka yenyewe. Ile, batu baliitobola.” Tofauti aliyoisema ni -uk- na -ul-: kutoboka na kutoboa. Moja ni hali iliyokipata kitu chenyewe, nyingine ina mtendaji. Na tofauti hiyo ya sarufi ilikuwa, neno kwa neno, tofauti ya matibabu. Tundu lililotobolewa kwa msumari ni la mviringo, na bati linalolizunguka ni zima. Kitambaa chenye gudroni kitashika, au utapanga lata ili tundu lifunikwe na jirani yake. Tundu la lata lililotoboka kwa kutu halina ukingo. Bati limeliwa pande zote, limekuwa jembamba kama karatasi, na kiraka kinashikilia kitu ambacho nacho kinaondoka. Mvua mbili tatu, kiraka kinaanguka na kipande cha lata. Hilo haliizibwi, linakatwa. Kati ya malata nane, moja lilikuwa la namna hiyo kabisa, na mawili yalikatwa ncha. La nane tulilipata kwa mzee mwenyewe, lilikuwa likifunika kuku.

Tangu hapo nilianza kusikiliza vizuri nani anasema -uka na lini. Katika sarufi tunasema kauli hii humficha mtendaji, tofauti na kauli ya kutendwa. “Dirisha limepasuliwa” ina mtu nyuma yake, hata kama hatajwi. “Dirisha limepasuka” haina mtu. Kila mzazi anaijua sentensi ya pili kutoka kwa mtoto aliyeshika mpira. Mimi nina miaka ishirini na minne, na niliisema.

Ilikuwa hivi. Ubao wa chini wa mlango wa jiko ulikuwa umeoza, tukaamua kuufunika kwa bati la pipa. Pipa la chuma la lita 200 ni hazina kwa anayetengeneza vitu nyumbani. Lina kipenyo cha sentimita 57 hivi na urefu wa sentimita 88 hivi. Ukikata vifuniko vyote viwili na kupasua ubavu kwa tindo, ukalikunjua, unapata bati bapa la karibu mita 1.8 kwa sentimita 88, pamoja na sahani mbili za duara. Mlango mmoja na mwili wa mbabula hutoka humo bila shida. Kabla ya yote mzee aliuliza pipa lilikuwa na nini. Lilikuwa la mafuta ya mawese. Lingekuwa la petroli, alisema, angelirudisha. Pipa tupu la petroli si tupu: limejaa mvuke, na cheche moja ya tindo au ya mashine ya kukatia inatosha kulilipua likiwa mikononi mwako. Hata hili la mawese tulilijaza maji kwanza, tukaacha sehemu ndogo tu ya juu tulipoanzia, na tukayamwaga tulipokwisha kufungua kifuniko. Asiye na hakika pipa lake lilibeba nini aliache.

Bati likiwa bapa, ukingo wake unakata kama kisu, kwa hiyo unakunjwa kuwa pindo. Nilikunja pindo, likaenda upande. Nikalikunjua, nikalikunja upya. Likaenda upande tena. Mara ya tatu lilifanya ufa mrefu kwenye mkunjo.

“Papa, ilipasuka,” nikasema.

Hakuinuka. “Ilipasuka ao uliipasula?”

Sijawahi kupata sahihisho bora la sarufi katika miaka yangu yote ya masomo. Akanieleza kwamba bati linachoka. Kila mara unapolikunja na kulikunjua mahali pamoja linakuwa gumu zaidi na linaelekea kukatika. Waya ni hivyohivyo. Ndivyo tunavyoukata tusipokuwa na pinsi. Kama ni lazima kurudia mkunjo, unalilaza kwenye makala hadi liwe jekundu na kuliacha lipoe lenyewe taratibu, na hapo linalainika. Nisipofanya hivyo, ufa ni wa kwangu, si wa bati.

Hapa jina la kauli lilianza kunisumbua. “Kutendua” linaahidi kwamba kitendo kinarudishwa nyuma, kana kwamba kukunjua kunakirudisha kitu kilivyokuwa kabla ya kukunjwa. Bati linakataa. Mkunjo uliokunjuliwa si mahali ambapo hapajakunjwa. Pana alama, na pana uchovu. Msumari ukiuchomoa, tundu linabaki. Na ukirudi kwenye orodha yangu ya jioni ile utaona kwamba vitenzi vingi havina kitendo cha kurudishwa kabisa. Pasua ni kutendua nini? Hakuna *pasa yenye maana ya kuunga. Toboa, ng'oa na kwangua ni hivyohivyo: vina umbo la kutendua bila kuwa na cha kutenduliwa. Thilo Schadeberg, katika sura yake kuhusu unyambulishaji ndani ya kitabu The Bantu Languages (2003), anaiita kauli hii kwa jina jingine, lenye maana ya kutenganisha. Nilikuwa nimelisoma jina hilo kwa ajili ya mtihani, nikalisahau. Juu ya paa lilirudi likiwa na maana. Kinachounganisha fungua, pasua, toboa, ng'oa na ezua ni kwamba vyote vinatenga kitu na kitu: kamba na mzigo, nusu na nusu, msumari na mti, lata na boriti. Kurudisha nyuma ni tukio linalotokea mara nyingine tu, pale vitu vilivyotengwa viliwahi kuunganishwa na mtu. Naona jina la kutenganisha ni bora, na sioni kwa nini tusilifundishe pamoja na lile la zamani.

Nirudi kwenye kazi, maana malata bado yako chini.

Kuezeka kwa malata ya zamani kunatofautiana na kuezeka kwa mapya katika jambo moja: unapanga kwa kufuata matundu. Uliyonayo ndiyo yanayoamua. Lata lenye matundu mengi upande wa kushoto linawekwa ili upande huo ulaliwe. Kwa malata mapya fundi angelaza mgongo mmoja na nusu juu ya jirani. Sisi tulilaza miwili. Safu ya juu ililalia ya chini shibiri nzima. Unaanza na upande ulio mbali na mvua inakotoka, ili ukingo wa kila lata usitazame upepo. Msumari unapigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni, kwa sababu maji yanapita bondeni. Chini ya kichwa cha msumari unaweka kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Usikitoboe kabla, kiache msumari wenyewe ukitoboe ili kiubane. Na unaacha kupiga mpira unapokaza tu. Anayeendelea kupiga anaubonyesha mgongo na kutengeneza kisahani cha maji kuzunguka tundu. Niliyabonyeza matatu kabla ya mkono kuelewa sikio, kwani sauti inabadilika mpira unapokaza: inatoka kuwa ya bati na kuwa ya mti. Hilo mzee alilisikia akiwa chini ya mwembe na macho yamefumbwa. Alisema “basi” kila mara, wakati uleule.

Nimeandika maneno yake kwa l, ng'ola, kutobola, kupasula, na najua kuna wasomaji wataona nimekosea kuandika. Tumezoea hivyo. Kufungula katika karatasi ya mwanafunzi hupigwa mstari mwekundu, na mwanafunzi wa Lubumbashi hujifunza mapema kwamba l hiyo ni ya sokoni. Naomba tuitazame kama watu wa isimu. Kiswahili cha pwani kilipoteza l kati ya irabu katika maneno mengi: njaa, vaa, zaa, pale ambapo Kibemba kina insala, ukufwala, ukufyala, na sisi mjini tunasema njala, kuvala, kuzala. Mnyambuliko wetu ulipata ajali hiyohiyo: -ul- ikabaki -u-. Lakini l haikufa hata katika Kiswahili sanifu. Ongeza kauli ya kutendwa: funguliwa, pasuliwa, ng'olewa, tobolewa. Ongeza kauli ya kutendea: fungulia. Hiyo l imetoka wapi kama haikuwa ndani ya kitenzi? Mzee anaisema mahali ambapo sanifu inaificha. Kwamba imerudishwa katika Kiswahili chetu na wasemaji wa Kibemba, Kiluba na Kisanga, au ilikuja na kubaki, ni swali la historia. Kwa umbo la kitenzi jibu ni lilelile. Kiswahili cha Lubumbashi kina sarufi iliyochapishwa, ya Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, ya mwaka 2014, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni usemi usio na kanuni. Mimi sidai tuandike kufungula katika mitihani. Nadai mwalimu anapoweka mstari mwekundu aulize kwanza mwanafunzi angeandikaje funguliwa.

Kifaransa nacho kina njia yake ya kutenga, na kimetuletea pamoja na vyombo. Mafundi vijana wa mjini husema kumonte na kudemonte, kuvise na kudevise. Alama ya kutenga iko mbele, de-, pale ambapo yetu iko nyuma. Nilijaribu kumtega mzee. Nilimuuliza, kitu kikiwa kimesudiwa, kwa maana ya kuunganishwa kwa moto, atasemaje akitaka kukitenga. Nilitarajia kusikia *kusudula, niandike makala mengine. Aliniangalia. “Kitu ya kusude, mwana, unaikata.”

Jibu hilo lilinichekesha, ila lina somo kwa anayefikiria kutengeneza vitu vyake mwenyewe nyumbani. Vitu vilivyofungwa, vilivyokunjwa, vilivyochomekwa na vilivyopigiliwa misumari vinaruhusu kutengwa na kutumika tena. Vilivyounganishwa kwa moto vinakatwa, na kila ukikata unapoteza kitu. Malata yetu yaliweza kuishi juu ya nyumba mbili, na sasa paa la tatu, kwa sababu yalishikwa na misumari peke yake. Tulipotengeneza mbabula kutoka kwenye bati la pipa lililobaki, mzee alikataa wazo langu la kuipeleka kwa kijana mwenye mashine ya kusudia. Mwili ulishonwa kwa pindo mbili zilizokunjwa moja ndani ya nyingine na kupondwa, matundu ya hewa yakatobolewa kwa msumari mkubwa, kichungio cha makala kikakaa juu ya waya nne. Kila kipande kitakapochoka, kitatoka peke yake.

Hojaji yangu niliiandika upya. Siulizi tena “hiki kinaitwaje?” kama swali la kwanza. Naomba nipewe kazi ndogo, naifanya vibaya, naandika ninachoambiwa. Inachukua muda mrefu na daftari linachafuka kwa gudroni, na mara nyingine nalipia nilichoharibu. Lakini kutoka karakana mbili za kwanza nilizorudia hivyo nilipata vitenzi vingi kuliko majina yote ya mzunguko wa kwanza, na hakuna hata kimoja ambacho mtu alikuwa amenitajia nilipokuwa nimesimama na kalamu.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku. Nilikwenda jikoni na taa ya simu, nikamkuta mama amekwisha kufika, amesimama katikati ya chumba akisikiliza. Kona zote nne zilikuwa kavu. Karibu na mlango, tone moja lilikuwa likianguka, likikaa kidogo, likianguka tena.

“Ilitoboka tena?” akauliza.

Nilimulika juu. Msumari ulikuwa bondeni. Niliukumbuka: ulikuwa wa mwisho wa siku, jua limezama, mzee amekwisha kwenda kwake.

“Hapana, mama. Niliitobola miye.”

Akaweka sufuria chini ya tone na kurudi kulala. Asubuhi nilipanda na marto, kipande cha ubao, na kitambaa chenye gudroni.